Mechi Niliyomsimulia Anko

Kriketi siijui. Naanza na hilo ili mtu asije akaniuliza katikati. Mimi Mkongo nimeishi Durban, Afrika Kusini, miaka mingi, nikafanya kazi katika duka la vitambaa la familia ya Kihindi pale mjini, nikazoea pilipili yao, nikajifunza kupima sari kwa mkono bila kugusa futi. Lakini ule mchezo wa watu waliosimama juani wakisubiri mpira uwafuate, hapana, haukuniingia kichwani. Na bado kuna mchana mmoja wa mwaka 2009 nilikaa uwanjani nikamsimulia mechi nzima mzee aliyeujua mchezo huo tangu utotoni. Mpaka leo sijui kama siku ile nilisaidia au niliharibu.

Mzee mwenyewe ndiye alikuwa mwenye duka. Durban, mwanamume mzima wa Kihindi unamwita Anko, hata kama ndiye anayekulipa mshahara, basi nami nilimwita Anko. Alizaliwa Durban. Baba yake alizaliwa Durban. Babu yake ndiye aliyeletwa kwa meli kutoka kusini mwa India kuja kukata miwa. Mke wa Anko alikuwa amefariki, watoto wengine walihamia Australia, akabaki binti mmoja, mhasibu, wa rika langu, aliyepita dukani kila jioni kumchukua baba yake. Huyo nilimwita Dada, naye akaniita hivyo hivyo.

Anko alikuwa na presha ya macho. Ilianza pembeni, ikawa inasogea kuelekea katikati, hadi akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mlango uliorudishwa. Alitambua rangi, alitambua mwanga, sura yangu aliitambua nikimkaribia sana. Pamoja na hayo alikuwa na hamu moja ambayo hakuchoka kuisema: kwenda India kukiona kijiji cha babu yake. Hakuwahi kufika huko hata mara moja. Kila akiitaja safari, Dada alimjibu kwa upole, "Tutaenda, Baba. Macho yapone kwanza, dawa inafanya kazi. Ukienda sasa utaona nini?" Anko akangoja.

Mimi nilijua kwamba dawa haifanyi kazi. Siku moja Dada alinivuta nyuma ya duka, kwenye marobota, akaniambia yote. Daktari alikuwa amesema kilichokwisha kupotea hakirudi, na kile kilichobaki nacho kitakwenda, pengine hata mwaka hautaisha. "Usimwambie," alisema. "Akijua atakufa kwa huzuni." Nikamwuliza kwa nini basi ananiambia mimi. Akasema alihitaji kumwambia mtu. Bon, ndivyo nilivyopewa siri ya watu bila kuiomba. Nilikasirika, na hasira yangu mimi huwa haiko mbali, lakini nilimwona analia juu ya kitambaa cha mteja, nikakubali.

Mwaka huo ligi ya kriketi ya India ikahamia Afrika Kusini. Yote kabisa, na wachezaji, na mashabiki, na wasichana wa kucheza ngoma. Nikamwuliza Anko imekuwaje, akasema kwao kuna uchaguzi, askari wote wako kwenye kura, hakuna wa kulinda viwanja. Jambo hilo lilinichanganya sana. Kwetu Congo kura hufukuza watu, sijawahi kusikia zikifukuza mpira.

Timu mojawapo ilikuwa ya jimbo lile lile la babu yake. Ilipotangazwa kwamba itacheza Durban, Anko alibadilika. Akawa anafika dukani amenyoa, anawasimulia wateja habari za timu yetu, timu yetu. Mimi ni mtu wa kuuliza, nikauliza. Nahodha anatoka jimbo lenu? Hapana, anatoka mbali, kaskazini huko. Yule mpigaji mkubwa je? Mwaustralia. Na yule mwingine? Akacheka, akasema yule ni wa hapa hapa Afrika Kusini.

"Sasa Anko, ni timu yenu kwa vipi? Wewe hujafika huko, na wao hawatoki huko."

"Ndiyo maana tunafaana," akasema.

Nilikwenda nyumbani Albert Park nikamweleza Mrundi niliyekaa naye chumba kimoja, mwanamke msusi mwenye maneno yake. Akasema, "Achana nao, wewe. Watu ambao hawakufukuzwa kwao wanapenda kwao kuliko sisi." Nikalala na hilo neno. Mimi nilitoka Bukavu kwa miguu yangu, na Durban nikiulizwa ninatoka wapi nilikuwa naangalia kwanza nani anauliza. Mwaka uliotangulia wageni tulipigwa na kutolewa majumbani, tukalala kwenye makanisa. Anko yeye alikuwa anajivunia kwa sauti mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

Kulikuwa na kijana mmoja tu katika timu ile aliyezaliwa jimboni kwao. Huyo ndiye aliyefungua mchezo, yaani wa kwanza kuingia na gongo. Anko alimpenda kama mtoto wake. Alisema anataka kumwona kijana yule akisimama pale kati kabla ya jambo lolote jingine.

Dada akakata tiketi mbili, ya baba na ya kwake. Lakini Anko akamwambia, "Wewe baki. Nitakwenda na huyu," akanionyesha mimi.

Tulishangaa sote wawili. Dada aliijua kriketi vizuri, mimi nilikuwa sijui hata mechi inaishaje. Anko akaeleza kwa utulivu kwamba mtu anayeijua kriketi humwambia anachofikiri. "Huyu hajui kitu," akasema. "Ataniambia anachokiona."

Sikujua nifurahi au ninune. Dada alinitazama kwa jicho la kunikumbusha, nikalielewa.

Basi Jumamosi ya mechi, mchana, tukaenda, mkono wake kwenye kiwiko changu, tukivuka barabara kwa kusubiri robot, yaani taa ya barabarani, iwake kijani hata palipokuwa hakuna gari. Umati, sitadanganya, tangu zile fujo nilikuwa siupendi. Lakini huu ulikuwa umati wa familia zenye masanduku ya barafu na sufuria za biriani zilizofungwa kwa taulo. Mama mmoja wa kiti cha nyuma alitupa sambusa kabla hatujakaa vizuri. Muziki ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tangazo la spika halikusikika, likabaki kuwa mngurumo tu.

"Haya, anza," Anko akasema. "Niambie."

Nikaanza. Nikamwambia kuna majani mengi, katikati kuna ukanda wa udongo kama mkeka. Kila mwisho wa mkeka kuna vijiti vitatu. Mtu mmoja anatoka mbali anakimbia kwa hasira, anarusha mpira, na akishamaliza hasira inaisha, anarudi polepole alikotoka. Mwenye gongo kaupiga, umekwenda kushoto, watu wawili wanapishana mbio. Wale wengine waliotawanyika hawafanyi lolote, mmoja anajikuna.

"Yuko wapi anayejikuna?"

Nikamwonyesha kwa kuukamata mkono wake na kuunyoosha. Akatabasamu, akataja jina la sehemu ile, maana kumbe kila sehemu ya uwanja ina jina. Tukaendelea hivyo. Mara watu wote walisimama wakapiga makofi, nami nikamwambia kwa furaha kwamba mwenye gongo ameshinda, watu wanampongeza, anaondoka.

"Ameondoka peke yake?"

"Ndiyo."

"Ameinamisha kichwa?"

Nikatazama. Alikuwa ameinamisha. Anko akaeleza kwamba huyo ametolewa, kama anavyotolewa mtu vijiti vyake vikiangushwa, na kwamba watu humpigia makofi mtu aliyecheza vizuri hata wa upande wa pili, hata akiwa anakwenda zake. Nilikaa nikiwa sielewi. Sisi mtu akishindwa tunampigia kelele mpaka avuke mpaka.

Zamu zikabadilishana, na kijana wa jimboni akaingia. Nilimjua kwa kelele za watu na kwa jinsi Anko alivyoninyang'anya mkono wangu akaushika kwa mikono yake miwili. Nikamwambia kijana anasimama, anagusa ardhi kwa gongo, anatengeneza kofia. Mrushaji anakuja, karusha. Kijana kauacha mpira upite. Mrushaji anakuja tena.

Vijiti viliruka. Nilivyoona mimi, kimoja kilijiviringisha nyasini kama kijiko kilichoanguka mezani. Watu walionizunguka wakashika vichwa, wengine wakashangilia, na Anko katikati ya makelele yote akawa ananivuta mkono akiuliza, "Nini? Imekuwa nini?"

Nikamwambia, "Kijana amechoka kidogo. Ameenda kupumzika."

Sikulipanga neno lile. Lilitoka lenyewe, kama mtu anavyomshika mtoto anayeteleza. Kwetu mtu mzima humpigi na habari mbaya usoni. Aliyefiwa akiwa safarini anaambiwa mgonjwa hajambo sana, njoo tu. Akifika anakalishwa, anapewa maji, anapewa chakula, watu wanajazana chumbani, na hapo ndipo mkubwa mmoja anaanza kukohoa. Ndivyo tunavyofanya, na hakuna anayesema ni uongo.

Anko akageuza uso kunielekea.

"Mchezaji hawezi kwenda kupumzika. Vijiti vimesimama?"

"Anko, kula sambusa kwanza."

"Vimesimama?"

"Havijasimama," nikasema. "Vimeanguka vyote. Kijana ameondoka, ameinamisha kichwa."

Akaachia mkono wangu. Nilidhani atalia, akacheka, kicheko kirefu mpaka mama wa sambusa akacheka naye bila kujua sababu. Alipotulia akaniuliza nilijifunza wapi kusema hivyo. Nami, sijui kwa nini, nikamweleza habari ya baba yangu. Ndugu zangu walinipigia simu kutoka Bukavu wakasema Papa amechoka kidogo, anapumzika. Nikawaomba wampe simu, wakasema amelala, mpigie kesho. Kesho ikawa hivyo hivyo. Nilikuwa nimeanza kutafuta namna ya kwenda kumwona, na kumbe alikuwa ameshazikwa siku ile ya simu ya kwanza. Walikuwa wananitafutia watu Durban wa kunikalisha. Nilipoambiwa, mbele ya wanawake wa kanisa waliojaa chumba, niliwatukana ndugu zangu wote kwa majina. Mpaka leo linaniuma, na wao mpaka leo hawaelewi kosa lao ni nini.

"Na bado umenifanyia mimi vile vile," Anko akasema.

Nilichanganyikiwa mwenyewe kusikia nimefanya hivyo.

Mechi ilikuwa inaendelea mbele yetu. Yule Mwaustralia wao alikuwa anaupeleka mpira kwa watu jukwaani, wasichana wanacheza, watu wanarukaruka, nami nilikuwa nimeacha kusimulia. Anko hakunikumbusha. Aliinama kidogo, sauti yake ikiwa ile ile ya dukani anapouliza bei ya robota, akasema, "Daktari alisema nini kuhusu macho yangu?"

Nikamwambia, "Anko, mambo ya daktari muulize binti yako."

"Nimemuuliza. Ananiambia macho yanapumzika."

Nilitazama uwanja kana kwamba pale kuna mtu wa kuniokoa. Nilimfikiria Dada akilia kwenye marobota. Nikafikiri mimi ni nani, mfanyakazi, mgeni, niingie kati ya mtu na mtoto wake. Nikafikiri tena simu ile ya Bukavu.

Nikasema, "Kama unataka kwenda India, nenda sasa."

Ni hilo tu. Anko aliitikia kwa kichwa taratibu mara kadhaa, akakunja mikono, kisha akaniuliza nani ana gongo. Nikarudi kwenye kazi yangu. Nilisimulia mpaka mwisho, sauti imenikauka, na timu yake ikashinda, nadhani, maana watu wake walikumbatiana. Yeye aliuliza tu kama anga ilikuwa na mawingu. Nikamwambia hapana, iko safi.

Haikupita muda akatangaza nyumbani kwamba anasafiri na watu wa hekalu lao waliokuwa wanakwenda kuhiji India, na kwamba hasubiri macho wala mwaka kesho. Dada alikuja dukani kabla ya kufungua, viatu vya ofisini, macho mekundu.

"Ulimwambia nini baba yangu?"

"Nilimsimulia kriketi."

"Usinichezee. Ulimwambia nini?"

Na mimi kweli sikujua nijibu nini. Nilimwambia? Sikumwambia? Neno "daktari" halikutoka kinywani mwangu, naweza kuapa kanisani. Lakini mzee alikuwa amejua, na alijua kupitia kwangu. Nilimwambia Dada hivyo hivyo, kwamba sijui. Alinitazama kana kwamba nimemdhihaki, akaondoka bila kwaheri. Nikaanza kukusanya vitu vyangu kwenye mfuko, nikijua kazi imekwisha. Hakunifukuza. Wiki zile zote Anko alipokuwa India, Dada alipita jioni, akahesabu mauzo, akafunga, na hakunisemesha zaidi ya lazima.

Anko alipiga simu dukani mara moja tu. Laini ilikuwa na mwangwi, kila neno likija mara mbili. Alisema wamefika kijijini. Watu wa pale hawakulijua jina la babu yake, wakamwonyesha tu upande wa mashamba ambako wakati ule watu wengi waliondoka. Lakini aliona kisima. Aliona nguo zimeanikwa ukutani, nyekundu na kijani, akasema kijani ile hatujawahi kuwa nayo dukani. Alikaa hapo mpaka wenzake wakachoka kumngoja. Kisha akasema kwamba baada ya hapo, kwenye treni, mlango umefungwa. Alitumia neno hilo, mlango. Sasa anaona mwanga wa dirisha tu, na wakati mwingine hata huo hauoni.

"Usimwambie binti yangu," akasema. "Nitamwambia mwenyewe nikifika, taratibu."

Kabla sijajibu laini ikakatika. Nilikaa kwenye kiti cha meza ya kukatia vitambaa nikiwa na hasira ya kutosha watu watatu. Familia hii ilikuwa imenifanya sanduku la posta. Baba anamficha binti kupitia kwangu, binti anamficha baba kupitia kwangu, na mimi wa Bukavu ndiye nimekaa katikati na barua zote.

Jioni Dada akaingia. Na alikuwa anacheka. Tangu ile asubuhi ya viatu vya ofisini sikuwa nimeona meno yake. Akanishika mabega kama tulivyozoeana zamani.

"Baba amenipigia. Anasema anaona vizuri kuliko alivyoondoka. Amesoma bango la stesheni, Dada, lile la herufi za Kitamil, lugha ya kina babu, amenisomea kwenye simu. Daktari alikosea."

Nilitazama uso wake. Ningeweza kumkalisha. Ningeweza kumpa chai, nikakohoa, nikaanza mbali. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo ya kuzungushana, na nilimkumbuka mzee aliyeuliza mara mbili kama vijiti vimesimama. Nikamwambia akiwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Haoni. Amenipigia mimi pia. Tangu wakiwa kwenye treni haoni tena."

Kicheko hakikuondoka mara moja usoni mwake, kilibaki kidogo kikiwa hakina kazi. Kisha akaweka mkoba juu ya meza, polepole, kando ya mkasi.

"Najua," akasema. "Baba hajui kusoma Kitamil. Hakuna hata mmoja wetu anayejua."

Akausogeza mkasi pembeni.

"Nilitaka kukaa na habari ile nzuri mpaka kesho tu," akasema. "Usiku mmoja. Wewe huwezi kumwachia mtu hata usiku mmoja?"

Mama mmoja akaingia akauliza kama tuna kitambaa cha pazia, chenye maua madogo. Nikamwambia tunacho, asubiri kidogo.